Niliachiwa watikisa vichwa 43. Niuze, au niwaweke?

Swali la msomaji:

"Shikamoo mzee. Mimi ni kijana wa Mwanza, niko Milwaukee, jimbo la Wisconsin huku Marekani, mwaka wa tano sasa, nafanya kazi ya kuhudumia wazee majumbani. Babu mmoja niliyemhudumia miaka miwili alifariki, na wanawe wakanipa maboksi mawili ya wale wanasesere wa wachezaji wanaotikisa vichwa. Nimehesabu 43. Wengi ni wa Brewers, timu ya besiboli ya hapa, wachache wa Bucks, timu ya kikapu ya hapa, na mmoja wa zamani sana ana sura ya katuni na nyufa shingoni, ameandikwa Braves. Mwenzangu kazini anasema hiyo ni mali, na mtandaoni nimeona wengine wameandikiwa dola 300. Je, niuze? Bei nitaijuaje? Yule mwenye nyufa nimtie gundi? La mwisho usinicheke: mimi ni Yanga damu, lakini kwa kukaa na yule babu mbele ya televisheni nimeipenda Brewers. Mtu anaweza kuwa na timu ya nyumbani mahali ambapo si kwao?"

Jibu:

Marahaba mwanangu, na pole. Mtu uliyemvalisha soksi kila asubuhi kwa miaka miwili ni msiba wako, hata kama jina lako halikutajwa kwenye ibada.

Nianze na gundi, maana hilo ndilo lenye haraka. Usimtie. Wala usimpanguse kwa kitambaa kibichi, wala usimwinue kwa kumshika kichwa. Mshike kitako, mkono wa pili umkinge mgongoni, msimamishe mahali pakavu pasipopigwa na jua na palipo mbali na kile kipasha joto cha ukutani. Ukishamaliza, rudi tuendelee.

Huyo mmoja si ndugu wa wale 42. Hao wengine, kwa jinsi ulivyowaeleza, ni wa resini, kitu kama plastiki ngumu, wazito kidogo mkononi kama kikombe cha udongo. Yeye ni wa karatasi. Ni karatasi iliyolowekwa kwenye gundi, ikafinyangwa kwenye kalibu, ikakauka, ikapakwa rangi ya kung'aa. Wa aina hii walitengenezwa Japani kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa ajili ya timu za ligi kuu ya besiboli ya Marekani, na karibu wote walipewa sura ile ile ya kitoto chenye mashavu na macho ya kucheka. Ukiwapanga kumi kwenye rafu unaona mtoto mmoja aliyebadilishwa jezi mara kumi. Hata walipotolewa wa wachezaji wenye majina, mwaka 1961 na 1962, hali haikubadilika sana. Walikuwa wanne: Mickey Mantle, Roger Maris, Willie Mays na Roberto Clemente. Mays ni mtu mweusi wa Alabama, Clemente anatoka Puerto Rico, Mantle ni mzungu wa Oklahoma, na bado ukiwatazama usoni utasema wamezaliwa na mama mmoja.

Braves walikwepa kile kitoto, ila walipewa kitu kibaya zaidi: kichwa cha nembo ya timu, katuni ya kuwakejeli wenyeji wa asili wa Marekani. Ndiyo maana wako ana sura uliyoiona. Ni kumbukumbu ya wakati wake, pamoja na aibu ya wakati wake. Ukiamua kumweka sebuleni, ujue mgeni anaweza kukuuliza, na uwe na jibu.

Umri wake usiutafute usoni. Utafute kwenye kitako. Wakusanyaji wa wale wa karatasi huwapanga kwa rangi ya kitako kama wachungaji wanavyopanga ng'ombe kwa alama za masikio. Kitako cheupe ni 1961 na 1962, cha kijani ni 1962 hadi 1964, cha dhahabu ni 1965 hadi 1972. Halafu soma maandishi. Timu ya Braves ilikuwa Boston, ikahamia Milwaukee mwaka 1953, ikahamia Atlanta mwaka 1966. Kwa hiyo kama popote mwilini mwake pana neno Milwaukee, huyo si wa baada ya 1965, na ametimiza miaka sitini na ushee. Timu zinazohama zinawasaidia sana watu wa kazi yetu. Kuna mtikisa kichwa wa Seattle Pilots mwenye kitako cha dhahabu; ukimshika huhitaji kuuliza ni wa mwaka gani, kwa sababu Pilots waliishi msimu mmoja tu, 1969. Hao Pilots nitawarudia, maana ndio Brewers wako.

Sasa kwa nini nakukataza gundi? Karatasi inavuta pumzi. Inanyonya unyevu ikavimba, inakauka ikanywea, na rangi iliyo juu haiwezi kuifuata, basi inapasuka. Zile nyufa nyembamba shingoni karibu kila mzee wa aina hii anazo, na mnunuzi anazitegemea. Asichokitegemea ni gundi iliyochuruzika ikageuka njano, au rangi mpya iliyopakwa na mtu mwenye nia njema. Ukitia gundi unageuza ufa wa umri kuwa jeraha la mikono. Mimi mwenyewe nilikuwa na mmoja wa timu ya Twins, wa kitako cha dhahabu, nikamhifadhi chini ya nyumba, besimenti, nikijua kabisa kule kuna unyevu. Bomba likavuja usiku mmoja wa Februari. Nilimkuta amevimba mguu mmoja kama andazi lililotumbukia kwenye chai. Nilimkausha taratibu, lakini hata leo anasimama kwa kuegemea ukuta kama mlevi. Kosa lilikuwa langu, wala sina wa kumlaumu.

Besimenti basi hapana, na darini vile vile hapana, maana majira ya joto ya Wisconsin yanaoka dari na baridi yake inaigandisha. Chumba mnacholala ninyi wenyewe ndicho kinachowafaa. Vumbi liondoe kwa brashi laini, ile ya kupakia poda usoni ni nzuri kuliko yoyote inayouzwa kwa kazi hii. Wale wa resini wanaweza kuvumilia kitambaa chenye unyevu kidogo. Resini haiogopi maji, inaogopa kuanguka. Ikivunjika mkono au gongo la kupigia mpira, pale gundi inaruhusiwa, tone dogo kwenye ncha ya kijiti cha meno, na umshikilie dakika chache bila kuzungumza na mtu.

Haya, tuje kwenye mali.

Mwenzako wa kazini hajadanganya, ila amechanganya bei iliyoandikwa na bei iliyolipwa. Hata mimi naweza kuandika dola 300 juu ya kikombe changu cha chai. Kwenye tovuti za mnada kuna sehemu ya kuchuja uone zilizokwisha kuuzwa. Hiyo ndiyo uitazame, na usitazame moja, tazama kumi. Utagundua kwamba mtikisa kichwa wa kawaida wa Brewers wa miaka ya 2000 au 2010 anauzwa kati ya dola 5 na 15, na kumsafirisha kunaweza kumla nusu ya hiyo.

Sababu yake ni wingi. Mei 9, 1999, San Francisco Giants waligawa watikisa vichwa 20,000 wa Willie Mays getini, kuadhimisha msimu wa arobaini wa uwanja wao wa Candlestick. Kabla ya siku hiyo kitu hiki kilikuwa kimelala tangu miaka ya 1970. Siku ile kiliamka, na timu zote zikaona: wakati huu resini na viwanda vya China viliruhusu uso wa kweli wa mchezaji mwenyewe, kwa bei ambayo mdhamini anaweza kuilipa. Mchongaji anachonga mfano kwa udongo, kalibu inatengenezwa juu yake, resini inamiminwa, inapigwa msasa, halafu mafundi wanapaka rangi kwa mkono, nyusi moja moja. Inachukua miezi. Kwa hiyo timu inaagiza majira ya baridi kwa ajili ya mechi ya kiangazi, na wakati mwingine mchezaji anauzwa kabla siku yake haijafika. Nimewahi kupanga foleni kumchukua mtu aliyekuwa anachezea timu nyingine tayari. Tulimpokea hivyo hivyo, anatikisa kichwa kana kwamba hana habari.

Brewers wamezoea kumpa kila aliyeingia uwanjani, wakati timu nyingi huwapa elfu kumi au ishirini wa kwanza tu. Uwanja wao unachukua watu karibu 42,000. Siku ya mtikisa kichwa unajaa. Piga hesabu: kila mmoja kati ya wale wa babu yako ana mapacha elfu thelathini au arobaini ndani ya jimbo hili hili, wengi wao bado wamo kwenye maboksi, kwenye makabati ya watu wanaodhani wana mali.

Zile dola 300 ulizoziona si uongo mtupu, zipo, lakini zina sababu zake. Agosti 28, 2024, Los Angeles Dodgers waligawa 40,000 wa nyota wao Mjapani, Shohei Ohtani, akiwa amembeba mbwa wake, Decoy. Watu walianza kupanga foleni tangu asubuhi kwa mechi ya jioni. Wingi ni ule ule, ila waliokuwa wakimtaka walikuwa nchi mbili nzima, Marekani na Japani. Bei inataka wengi wanaokililia kitu kuliko wanaokishika. Mdaka mpira wa akiba wa Brewers wa mwaka 2007, Mungu ambariki, halilii mtu.

Hivyo ungefanya nini? Wapange sakafuni Jumapili moja. Kwanza watenge waliogawiwa getini na walionunuliwa dukani. Wa getini huwa na jina la mdhamini kwenye kitako au kwenye boksi, benki, kampuni ya nyama, kampuni ya bima, na mara nyingi boksi lina tarehe. Wa dukani huwa na kibandiko cha ligi kinachometa, na pengine namba ya toleo. Usidharau maboksi. Mwenye boksi lake na povu lake la ndani anauzika mapema kuliko mwenzake aliye uchi, na hata usipouza, ndilo nyumba nzuri kuliko rafu. Ukiwafunga, tia karatasi laini kati ya kidevu na kifua ili kichwa kisigonge njiani. Springi ni adui wa rangi pale boksi linapotikiswa.

Kisha tazama waliorudiwa. Mzee aliyekwenda na mkewe alirudi nyumbani na wawili wanaofanana. Hao wa ziada uza bila kusita, uza kwa mkupuo, usihangaike na mmoja mmoja. Waliovunjika wape watoto. Wa Bucks waangalie vizuri zaidi kidogo. Bucks walitwaa ubingwa mwaka 1971, wakakaa miaka hamsini, wakautwaa tena 2021, na watu wa mji huu bado hawajamaliza kushangilia. Giannis yeyote, yule nyota wao, wa mwaka ule ana soko kuliko Brewers watano.

Yule wa Braves usimuuze kwa picha ya simu wala kwa mtu wa kwanza atakayekuja mlangoni. Tena hapo hapo mjini kwako, mtaa wa Walker's Point, kuna jumba la makumbusho la watikisa vichwa, lilifunguliwa Februari 1, 2019 na marafiki wawili, Phil Sklar na Brad Novak, walioanza kama wewe, na rafu iliyojaa. Siku ya kufungua walikuwa na zaidi ya 6,500 wa kuonyesha. Nenda utembee, utazame vitako, ulinganishe na wako. Utaona pia kwamba jambo hili halikuanzia kwenye michezo wala Marekani. Kwenye mchoro maarufu wa Johann Zoffany wa miaka ya 1760 unaomwonyesha Malkia Charlotte wa Uingereza na wanawe wawili, nyuma yao wamesimama wanasesere wawili wa Kichina, wa kutikisa vichwa.

Hapo nimemjibu mtu anayeuliza bei. Kwa mtu anayeuliza kama awaweke, nina neno lingine.

Usivunje ule msafara wa watikisa vichwa kabla hujausoma. Kitu kilichogawiwa getini kina sifa moja ambayo cha dukani hakina: ili ukipate ilibidi uwepo. Ligi ya besiboli ina mechi 162 kwa msimu, 81 kati ya hizo nyumbani. Hebu fikiria Yanga icheze mara 81 kwa mwaka pale Dar, Jumanne, Jumatano, Alhamisi, mvua, jua. Nani atajaza? Ndiyo maana besiboli imekuwa na desturi ya kugawa vitu tangu zamani, na ndiyo maana yale maboksi mawili yana kitu ambacho wanawe pengine hawakukiona. Chukua daftari. Andika tarehe ya kila mmoja, tafuta mechi ile iliishaje. Utakuta usiku ambao timu ilipigwa vibaya na babu yako alikuwepo. Utakuta mwaka usio na mtu hata mmoja, na pengine kwenye picha za familia utaona kwa nini. Nimeifanya kazi hii kwa makusanyo ya watu watatu waliokufa, na kila mara niliona mtu akizeeka: anaanza na mechi za usiku, anamalizia na za mchana Jumapili, na siku moja anakoma. Umeniambia ulimhudumia miaka miwili ya mwisho. Sidhani kama utakuta wa miaka hiyo miwili, isipokuwa kama ulimsukuma wewe kwenye kiti cha magurudumu.

Sasa hilo la mwisho, ulilosema nisikucheke. Nitakucheka kidogo.

Unasema wewe ni Yanga damu, na unauliza kama unaruhusiwa kuwa na timu nyingine ya nyumbani. Mwanangu, umekulia Mwanza. Pamba ilikuwa pale pale, Toto African ilikuwa pale pale, Kirumba unafika kwa daladala. Wewe ukachagua klabu ya Jangwani, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita elfu moja kwa barabara. Sikulaumu, nusu ya nchi ni hivyo, na nusu iliyobaki iko Msimbazi. Yanga ya 1935, Simba ya 1936, zimetugawa kama mtu anavyogawa chungwa, na mtu wa Kigoma anarithi timu kwa baba yake kama anavyorithi ukoo. Ni mapenzi ya kweli. Ila yaite jina lake. Hayo ni mapenzi ya ukoo, na ukoo hauna anwani.

Mimi ni mtu wa Tanga, mtu wa Coastal Union. Tulichukua ubingwa wa nchi mwaka 1988, na sisemi tulirudia lini kwa sababu hatujarudia. Kwetu timu ya nyumbani maana yake ni kwamba kelele za Mkwakwani unazisikia ukiwa unakaanga samaki, na mfungaji wa jana unamkuta leo kwenye foleni ya mkate. Anakudai salamu. Akikosa penati unamwambia usoni, na shangazi yako anamtetea kwa sababu anamjua mama yake. Hiyo ni timu ya karibu, na watu wengi wa kwetu hawajawahi kuwa nayo, kwa kuwa Dar ilikuwa imeshawachukua tangu utotoni. Nahisi na wewe hukuwahi.

Kwa hiyo Brewers, kama tunasema kweli, haikuvunja ndoa yako na Yanga. Imekaa kwenye chumba kilichokuwa kitupu.

Ila ujue umeingia kwenye nyumba ya namna gani, maana timu za Marekani zina tabia ambayo kwetu ni kama hadithi. Zinahama. Yanga haiwezi kuamka kesho ikawa ya Dodoma. Wazee wa Jangwani wangelala barabarani. Milwaukee wao waliamka wakakuta Braves wamekwenda. Na si kwamba hawakuipenda. Braves walipofika walivunja rekodi za mahudhurio, mwaka 1954 walikuwa timu ya kwanza ya National League, moja ya ligi mbili zinazounda ligi kuu, kupata watazamaji zaidi ya milioni mbili kwa msimu, na mwaka 1957, wakiwa na kijana anayeitwa Hank Aaron, wakaipiga New York Yankees wakawa mabingwa. Baada ya msimu wa 1965 wenye timu wakaibeba kwenda Atlanta. Babu yako, kama alizaliwa hapa, alikuwa kijana wakati huo. Huyo mzee wa karatasi mwenye nyufa shingoni ndiye aliyebaki naye.

Miaka minne mji haukuwa na timu. Halafu Seattle Pilots wakafilisika baada ya msimu wao mmoja, na mwuza magari wa Milwaukee, Bud Selig, akainunua mahakamani siku ya mwisho ya Machi 1970. Mechi ya kwanza ilikuwa Aprili 7. Lori la vifaa lilikuwa njiani halijui liende wapi, na jezi za Pilots zilifumuliwa maandishi yakashonewa neno Brewers juu yake, wapika bia, kwa heshima ya kazi ya mji. Siku hiyo walifungwa 12 kwa 0 na California Angels. Watu walirudi nyumbani wakiwa na furaha.

Lakini furaha ya siku ya kwanza haijazi viti Jumatano. Mwaka ule ule mzee mmoja wa miaka 69, Milt Mason, akapanda juu ya ubao wa matokeo, akaweka kijumba chake pale na kuapa kwamba hashuki mpaka waje watu 40,000. Alikaa karibu siku arobaini. Agosti 16 wakaja 44,387, na unajua waliletwa na nini? Ilikuwa siku ya kugawa magongo ya kupigia mpira. Akateremka kwa kamba, ikamchoma mikono na miguu. Kinyago cha timu unachokiona leo, Bernie Brewer mwenye masharubu ya njano anayeteleza kwenye mtelezo wake kila Brewers wapigapo mpira nje ya uwanja, ni mzee huyo aliyefanywa katuni. Ukimkuta kwenye maboksi yako, na nina hakika yumo, sasa unajua anatikisia nini kichwa.

Mji uliokwisha kuachwa unapenda kwa namna yake. Brewers walifika fainali kuu mara moja tu, 1982, wakafungwa na St. Louis Cardinals kwenye mechi ya saba, na ubingwa wenyewe hawajauona mpaka leo. Bado wanajaza uwanja. Mtu waliyempenda kuliko wote hakuwa nyota. Alikuwa Bob Uecker, mzaliwa wa Milwaukee, mdaka mpira dhaifu aliyeanzia Braves hao hao mwaka 1962, akawa anapata mpira mara moja katika kila tano, na akaishi kwa kujicheka. Mwaka 1971 alianza kutangaza mechi za Brewers redioni na hakuacha hadi msimu wa 2024. Alifariki Januari 16, 2025, akiwa na miaka 90. Sanamu yake moja waliiweka kwenye kiti cha safu ya mwisho kabisa juu ya uwanja, mahali nguzo inapokuzuia kuona, kwa sababu utani wake mmoja maarufu ulikuwa juu ya kukalishwa huko. Sauti uliyoisikia ukiwa na yule babu, kama mlikuwa mnapunguza televisheni na kufungulia redio kama wazee wengi wa hapa walivyofanya, ilikuwa yake.

Nijibu swali lako moja kwa moja basi: ndiyo, inawezekana, na umeshafanya. Mtu wa Lubumbashi aliyeko Des Moines, mama wa Mombasa aliyeko Columbus, wanafanya hivyo kila wiki, wanawapeleka watoto kwenye mechi za ligi ndogo kwa tiketi za bei nafuu na wanarudi na mwanasesere mkononi. Mtoto wa namna hiyo hatauliza kama anaruhusiwa. Rafu yako iache iwe na vitu viwili, skafu ya Yanga na hao jamaa. Njano za Brewers na njano za Yanga hazitagombana, ingawa kijani itaona upweke.

Na kwa kuwa utaanza kukusanya, nakujua, nikupe uchoyo mmoja wa kukuokoa pesa: jiwekee mpaka. Mimi mpaka wangu ni watu niliowaona wakicheza kwa macho yangu. Nimeuvunja mara moja tu, kwa Dikembe Mutombo, mchezaji wa kikapu, aliyeinua kidole chake cha kukataza, kwa sababu yule alikuwa mtu wa Kinshasa aliyekijua na Kiswahili, na kwa sababu kichwa kinachokubali juu ya kidole kinachokataa ni kichekesho ambacho sikuweza kukiacha dukani.

Nitumie picha ya kitako cha yule wa Braves, ukiipiga karibu na dirisha bila mwako wa kamera, mbele, nyuma na chini. Na kwenye wale waliorudiwa, kama babu na mkewe waliacha Uecker wawili, wa pili namtaka mimi. Nitakupa dola 12 na nauli ya posta. Mia tatu utamwomba mwenzako wa kazini.